Robert Allen na uchumi wa Uingereza wa zamani: mchango wa mtafiti unapimwaje? Nimerudishiwa kazi

Mwanafunzi_Mzee

Habari za jioni wakuu. Naombeni msaada wenye uelewa wa historia ya uchumi, na msinicheke maana nimerudi darasani umri umeshaenda, nasoma masta huku nina watoto wawili na kibanda cha vifaa vya simu.

Tulipewa kazi: chagua mtafiti mmoja wa historia ya uchumi wa Uingereza, eleza utafiti wake umeleta nini. Nikamchagua Robert C. Allen kwa sababu jina lake lilikuwa kila mahali kwenye zile makala tulizopewa. Nikaandika kurasa kumi na mbili safi kabisa. Mmarekani, kasoma Harvard, kafundisha British Columbia kule Kanada tangu miaka ya 70, akahamia Oxford pale Nuffield College, 2013 akaenda chuo cha New York tawi la Abu Dhabi, ni mwanachama wa British Academy, ana kitabu cha 1992 kuhusu mashamba ya England, cha 2003 kuhusu viwanda vya Wasovieti, cha 2009 kuhusu kwa nini mapinduzi ya viwanda yalianzia Uingereza na si kwingine. Nikamalizia na jedwali la vitabu na kwamba ananukuliwa sana.

Kazi imerudi na wino mwekundu ukurasa wa kwanza tu, kurasa nyingine hata hazijaguswa. Kaandika: "Huu ni wasifu wa kuombea kazi. Nani alifanya kitu tofauti kwa sababu yake?" Basi, hakuna maksi hakuna nini. Nimepewa wiki tatu.

Sasa wakuu, mtu wa historia ya uchumi hajengi daraja wala hatoi chanjo, nani atafanya kitu tofauti kwa sababu kajua kibarua wa London mwaka 1750 alilipwa peni ngapi? Naanzia wapi?

Karanga_Mbichi

Ngoja waje wenye fani yao, mimi nimekaa paleee na karanga zangu.

Saidia_Fundi

Mwalimu wako kakuumiza ila yuko sahihi. Mimi nilisomea uchumi nikaishia kwenye ujenzi, na nakwambia huyu mzee ukimwelewa kupitia site ya ujenzi utamwelewa vizuri kuliko kupitia Harvard.

Ugomvi ulikuwa hivi. Kibarua wa London karne ya 18 na mwenzake wa Beijing au Delhi, nani alikuwa anakula vizuri? Hela zao huwezi kuzilinganisha, huyu peni, huyu shaba, huyu rupia. Kabla ya Allen walikuwepo Phelps Brown na Hopkins, miaka ya 50 hao, walikusanya mishahara ya wajenzi wa kusini mwa England ya karne saba na ile orodha ikawa kama msahafu, kila mtu anaitumia. Lakini ilikuwa inakwambia mwaka huu afadhali kuliko mwaka ule palepale England. Haikwambii huyu wa hapa anashiba na yule wa kule analala njaa.

Allen mwaka 2001 akafanya mambo mawili. Kwanza mishahara yote akaigeuza kuwa gramu za fedha kwa siku, fedha ile madini, maana dunia nzima ilikuwa inaithamini. Pili akatengeneza kapu la bidhaa, kama lile la mfumuko wa bei tunalosikia kwenye taarifa ya habari kila mwezi, ila la mtu wa zamani. Baadaye akaongeza kapu jingine la kubana kabisa, la kumfanya mtu asife tu. Ndani yake kwa mtu mzima mmoja kwa mwaka, kwa Uingereza: oti kilo 155, maharage kilo 20, nyama kilo 5, siagi kilo 3, sabuni kilo 1.3, kitambaa mita 3, mishumaa kilo 1.3, mafuta ya taa kilo 1.3 na kuni kidogo. Jumla ya chakula ni kama kalori 1,940 kwa siku.

Igeuze iwe unga wa sembe uone. Kilo 155 kwa siku 365 ni gramu 425 hivi, haifiki nusu kilo, nyama kilo tano mwaka mzima yaani unaila Idd na Krismasi na siku mgeni akija. Kitambaa mita tatu ndio nguo yako ya mwaka. Hapo ndipo mstari wa chini ulipo.

Halafu anazidisha mara 3 kwa familia (baba, mama, na watoto wawili wanaohesabiwa kama mtu mzima mmoja), anaongeza asilimia 5 ya kodi ya chumba, anachukua mshahara wa siku mara siku 250 za kazi, anagawanya kwa gharama hiyo ya kapu. Ukipata 1 familia inapumulia juu juu. Kibarua wa London karne ya 18 anapata kama 4. Wa Florence, Delhi, Beijing wanazungukazunguka kwenye 1. Unaona sasa, kwa hesabu ya gengeni mtu kaingia kwenye mjadala mkubwa kuliko yote wa fani yake, ule wa lini Ulaya iliiacha Asia.

Na ukitaka kujua kwa nini alienea: kapu linahamishika. Toa oti weka mchele, toa siagi weka mafuta ya ufuta, twende. Faili zake za eksel za bei na mishahara aliziweka wazi kwenye ukurasa wake pale Nuffield, unashusha bure. Mwaka 2011 yeye na wenzake wakalipeleka China, miji ya Wachina ikaonekana iko sawa na Ulaya maskini, Milan na Leipzig huko, mbali na London na Amsterdam. Wengine wakalipeleka kwingine bila hata kumuuliza. Hao ndio "nani" wa mwalimu wako, anza kuwahesabu.

Mwanafunzi_Mzee

Asante sana mkuu, kumbe nilisoma kurasa zote hizo sikuwahi kufikiria ni unga. Na Afrika walilileta?

Mtu_wa_Mjengo_KE

Walileta, na hapo ndio nilikuwa nangoja mtu aulize. Mimi niko Nairobi, thesis yangu ilikuwa inapita karibu na haya mambo.

Ewout Frankema na Marlous van Waijenburg, watafiti kutoka Uholanzi, mwaka 2012 walitoa makala wakitumia hilo kapu kwa makoloni 9 ya Waingereza Afrika, Kenya Uganda na Tanganyika zikiwemo, kuanzia 1880 mpaka 1965. Bei na mishahara walitoa kwa zile Blue Books, vitabu ambavyo kila koloni ilikuwa lazima ijaze kila mwaka kwa ajili ya wakubwa London. Kumbuka wakati huo wachumi wengi walikuwa wanasema Afrika ni maskini tangu enzi na enzi, mara jiografia, mara makabila mengi. Hawa wakapata kwamba mishahara halisi ya vibarua wa mjini ilikuwa juu ya ule mstari wa kufa njaa na ilipanda kadiri miaka ilivyoenda, na Afrika Magharibi na Mauritius ilikuwa juu kuliko miji mingi ya Asia. Sisi wa Mashariki hatukung'aa sana kwa hiyo orodha lakini ile hadithi ya umaskini wa tangu Adamu iliyumba. Allen hakuandika hata mstari wa hiyo makala. Ni kapu lake tu lilikuja.

Lakini kapu lilipofika kwetu likaanza kuvuja. Kibarua wa Kenya ya mkoloni hakulipwa pesa peke yake, alipewa posho, na posho wakati huo ilikuwa ni unga wenyewe wa mahindi anapimiwa, ndio maana Waganda mpaka leo ugali wanauita posho. Sasa kwa hesabu unauweka wapi? Halafu ile "mara 3 kwa familia". Mshahara wa mjini Kenya ulikuwa umepangwa kwa mwanaume mmoja peke yake, bibi yake na watoto wako reserve (ardhi waliyotengewa Waafrika) wanalima wajilishe. Serikali yenyewe ilikubali hilo, kamati ya Carpenter ya 1954 ndiyo ilisema wazi kwamba mshahara wa mtu mseja uachwe, wapige hesabu ya mtu na familia yake. Kwa hivyo ukimpimia babu yangu kapu la watu watatu unapata familia inakufa njaa kwa karatasi, na kumbe nyanya yuko shambani na mahindi yake na kuku. Uganda ni hivyo hivyo, Michiel de Haas mwaka 2017 alikuja na hesabu za wakulima wadogo wenyewe, pamba na kahawa, kwa sababu wengi wa Uganda hawakuwa watu wa mshahara hata kidogo.

Sisemi kapu ni baya. Nasema bila hilo kapu hatungejua ni wapi hasa panavuja.

MamaNyuzi

Na linavuja hata huko kwao wanangu, msifikiri ni Afrika tu.

Mimi ni mshonaji, historia nasoma kwa mapenzi. Lile la mashine ya kusokotea nyuzi, ile jeni ya James Hargreaves wa Lancashire miaka ya 1760, ndipo Allen alipojenga nyumba yake. Hoja yake fupi: Uingereza mishahara juu na makaa ya mawe bei chee, kwa hiyo mashine ya kupunguza watu ilikuwa inalipa pale na kwingine hailipi. Akapiga hesabu, ukinunua jeni England faida kwa mwaka ni kama asilimia 38, Ufaransa 2.5, India unakula hasara ya zaidi ya asilimia 5. Na kweli mwisho wa miaka ya 1780 England kulikuwa na jeni kama 20,000, Ufaransa 900 hivi. Hoja tamu hiyo, inaingia kichwani kama wimbo wa taarabu, ndiyo maana kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaijua.

Sasa nikawa najiuliza kitu kimoja tu, nani alikuwa anasokota? Wanawake na watoto majumbani. Na huyo mshahara wa juu ni wa nani? Wa mwanaume anayebeba matofali London! Mimi hapa nikilipwa elfu tano kushona gauni hunihesabii mshahara wa fundi mwashi.

Jane Humphries ndiye aliyelishikia bango. 2013 akasema hilo kapu lina baba tu, mke na watoto wanaonekana midomo ya kulishwa. Halafu 2019 yeye na Benjamin Schneider wakaingia kwenye vitabu vya hesabu vya zamani, vya mabwana na vya parokia zilizokuwa zinawapa maskini kazi ya kusokota, wakaokota malipo ya wasokotaji mmoja mmoja, huyu kalipwa hivi kwa ratili, yule vile. Walichoona ni kwamba kusokota ilikuwa kazi ya malipo duni kabisa na hayakuwa yamepanda kabla ya jeni kuja. Kama nyuzi zilikuwa rahisi, huyo Hargreaves alikuwa anakimbia mshahara gani? Allen alimjibu, wamejibizana kweli kweli, 2015 na tena 2020, na yule bwana hajarudi nyuma kwenye hoja yenyewe ila kapu alilikubali kulirekebisha, akaongeza chakula na kuongeza ukubwa wa familia. Kabla ya hapo 2011 Gragnolati na wenzake wawili walishamwambia kwamba ukimchukulia msokotaji kama mtu anayeweza kuzalisha zaidi akauza zaidi, jeni ingelipa hata Ufaransa.

Sasa wewe mleta mada jiulize. Kabla ya Allen nani alikuwa anahangaika kutafuta bibi wa kijijini kalipwa nini kwa ratili moja ya uzi mwaka 1740? Wachache sana. Leo kuna jedwali lake zima, na limejengwa na watu waliotaka kumkosoa. Mwandike na huyo Humphries humo humo, usimwache nje eti ni mpinzani.

Karanga_Mbichi

MamaNyuzi umeua 😂 kumbe humu kuna vichwa. Endeleeni.

Saidia_Fundi

Mama umenikumbusha jambo la kwetu la ujenzi. Judy Stephenson, 2018. Hiyo mishahara ya London ambayo Allen na wengine wanaitumia imetoka wapi? Imetoka kwenye ankara za majengo makubwa, kanisa kuu la St Paul's na mengine. Dada kaenda kuangalia akakuta ile hela kwenye ankara ni ya mkandarasi anamdai mwenye jengo, siyo hela ya kijana. Mkandarasi anaandika "kibarua siku moja peni kadhaa", anachukua, anakata chake, kijana anapewa kilichobaki. Tofauti kama asilimia 20 mpaka 30!

Nilicheka peke yangu kama chizi. Mtu yeyote aliyewahi kukaa site siku mbili angewaambia hili bure. Miaka zaidi ya hamsini maprofesa wanapanga uchumi wa dunia kwa ankara ya mkandarasi. Na London ikishuka asilimia 25 basi ule ubora wake juu ya Amsterdam na miji mingine ya Ulaya unabaki mwembamba, ingawa kwa Delhi bado uko mbali.

kodi_huria

Mimi ni mtu wa programu, Allen namjua kwa njia tofauti kabisa na sikujua kama ndiye huyu wa mishahara, nimestuka kusoma huu uzi.

Sisi tunamnukuu kwa makala ya 1983 kuhusu uvumbuzi wa pamoja. Alichunguza wayeyusha chuma wa Cleveland, ile ya kaskazini mashariki mwa England siyo ya Marekani. Kuanzia miaka ya 1850 mpaka 1870 tanuru zao zilipanda kutoka futi 50 kwenda 80, na hewa ya moto wanayopuliza ndani ikapanda kutoka nyuzi 600 hadi 1400 za Farenhaiti, mafuta yakapungua sana. Nani mvumbuzi? Hakuna. Hakuna hataza (hati ya kumiliki uvumbuzi). Kampuni moja inajenga tanuru ndefu kidogo, kwenye mkutano wa wahandisi wanasimulia imekwendaje, jirani yake ambaye ni mshindani wake anajenga ndefu zaidi kidogo, naye anasimulia. Ukiangalia ndiyo vilevile Linux, ile programu huria ya kuendeshea kompyuta, ilivyokua, mtu anatoa kazi yake wazi mwingine anaongezea. Watu wanaoandika kuhusu programu huria, Eric von Hippel na wengine, wameichukua dhana hiyo moja kwa moja. Halafu Alessandro Nuvolari akaipeleka kwenye injini za mvuke za Cornwall, kule makaa ya mawe yalikuwa yanaletwa kwa meli ni ghali, kwa hiyo kuanzia 1811 walikuwa na jarida la Lean linachapisha kila mwezi injini ya nani imetumia makaa kiasi gani, kila mhandisi anaonekana hadharani mzembe nani.

Yaani makala ya tanuru za karne ya 19 imeishia kwa watu kama sisi tunaokaa na laptop. Andika hiyo, mwalimu hajaitegemea.

Mwana_wa_Kimweri

Nawasoma tu mnavyosifia. Swali langu ni moja, watumwa wako wapi kwenye hilo kapu?

Eric Williams aliandika mwaka 1944 kwamba utajiri wa biashara ya utumwa na sukari ndio ulipalilia viwanda vya Uingereza. Kijana wa Trinidad, shahada ya udaktari Oxford hiyohiyo 1938. Kitabu kikachapwa Marekani, Uingereza kwenyewe kikapata mchapishaji 1964, na 2022 kilipotolewa tena kule ndio kikauzwa kama maandazi ya asubuhi. Joseph Inikori wa Nigeria 2002 kaja na takwimu nzito za biashara ya Atlantiki. Walter Rodney alikaa Dar pale Mlimani akafundisha, 1972 kitabu chake kikatoka London na kwa Tanzania Publishing House, wazee wetu wamelelewa nacho. Hao ndio waliobadilisha watu. Huyu wenu anatuambia Uingereza iliendelea kwa sababu mshahara ulikuwa mkubwa na makaa rahisi, na mwenye pingu mguuni hana mshahara kwa hiyo hayupo kwenye eksel.

Saidia_Fundi

Nakukubalia nusu. Allen mwenyewe ukimuuliza mshahara wa London ulikuwa juu kwa nini, jibu lake ni biashara ya nje na himaya, London ilijaa watu kwa sababu ya meli, watu wakamaliza kuni, wakahamia makaa ya mawe ya Newcastle, mnyororo wake unaanzia bandarini. Kwa hiyo hajawafuta. Lakini kweli mlango wake wa kuingilia ni mshahara, na asiyelipwa haonekani vizuri kupitia mlango huo, hilo hata mimi sina jibu lake.

Mwana_wa_Kimweri

Sawa. Nusu yako nimeipokea, nyingine nabaki nayo.

Dada_Leicester

Habari zenu. Mimi niko Uingereza nafanya kazi ya ofisi chuoni (siyo mwalimu, msinipandishe cheo), ngoja niwaambie hili neno la mchango lilivyo huku maana ni suala la hela. Kila baada ya miaka kadhaa serikali inapima utafiti wa vyuo vyote, na kuna fungu la maksi kwa ajili ya mchango nje ya chuo. Mwaka 2014 lilikuwa asilimia 20, 2021 likawa 25. Kunukuliwa na maprofesa wenzako huko hakuhesabiwi kabisa. Unatakiwa uandike kisa, utafiti ulikuwa huu, mtu fulani nje ya chuo akafanya hiki, ushahidi huu hapa. Nimeona watu wazima wanalia machozi kwa hicho kisa. Wa historia ndio wanapata shida maana hakuna waziri anayekwambia "nimebadili sera kwa sababu ya mshahara wa 1750".

Ila Allen ana kimoja kizuri na naona mmekiruka. Makala yake ya 2009 kuhusu kile anachokiita kipindi cha Engels. Alionyesha kati ya 1780 na 1840 uzalishaji kwa kila mfanyakazi Uingereza ulipanda asilimia 46, mshahara halisi ukapanda 12 tu. Mashine zinafanya kazi, faida inaingia kwa wenye mitaji, mfanyakazi anaangalia. Friedrich Engels, yule mwenzake Karl Marx, alipokuwa Manchester akaandika kitabu chake cha 1845 alikuwa anaona mwisho wa kipindi hicho, baada ya hapo mishahara ikaanza kufuata. Miaka sitini jamani, hiyo ni mtu anazaliwa anazeeka anakufa kabla mambo hayajamgeukia. Sasa tangu hii habari ya roboti na akili bandia ianze, kila anayesema "teknolojia huleta kazi mpya msiogope" anajibiwa na hiyo namba. Carl Benedikt Frey wa Oxford kaitumia sana kwenye kitabu chake cha 2019. Hiyo imetoka chuoni imeingia kwa watu wa sera na magazeti. Kwa mtindo wa huku kisa chako kingekuwa hicho.

Na usione aibu kuandika kwamba Nobeli ya uchumi ya 2025 nusu yake ilikwenda kwa Joel Mokyr, ambaye maelezo yake ni tofauti na ya Allen, yeye anasema ni fikra na maarifa, utamaduni wa wavumbuzi, siyo bei za makaa. Mtu anaweza kukosa medali na bado mjadala mzima unafanyika kwenye uwanja aliouchora yeye.

Mwanafunzi_Mzee

Jamani nimeishiwa maneno. Nimechapa huu uzi wote nimeuweka mezani. Swali la mwisho kwa Saidia_Fundi, zile siku 250 za kazi alizitoa wapi?

Saidia_Fundi

Ni makisio tu. Napo pana vita. Humphries na Jacob Weisdorf 2019 wakasema tuachane na kuzidisha mshahara wa siku, tuangalie walioajiriwa kwa mwaka mzima walipewa nini, na mstari wa England ukabadilika sura. Kibarua hana siku 250 mkuu. Mvua, simenti haijaja, tajiri kasafiri.

Mwanafunzi_Mzee

Wakuu nimerudi, siku kumi na moja baadaye. Nimeandika upya. Nimeanza na kapu, nikafuatisha lilivyokwenda China na kwetu, nikaweka MamaNyuzi na Humphries wake katikati, tanuru za Cleveland, mwisho miaka sitini ya Engels. Mwana_wa_Kimweri swali lako nimeliweka kama lilivyo, bila jibu.

Lakini kilichonirudisha ni hiki. Jirani yangu anajenga. Jana nikamuuliza saidia fundi analipwaje, akasema anampa mkandarasi elfu ishirini kwa kila kijana kwa siku, na ana daftari kanionyesha. Nikasubiri saa kumi na moja jioni vijana wananawa miguu kwenye ndoo, nikamuuliza mmoja. Kumi na tano. Nikamuuliza mwezi uliopita ulifanya siku ngapi, akahesabu kwa vidole, akarudia, akasema kumi na tatu, "ile wiki nondo zilichelewa."

Nimeiweka kama tanbihi.

Saidia_Fundi

Elfu tano kwenye ishirini. Asilimia 25. Stephenson angekununulia soda.

Karanga_Mbichi

Karanga zimeisha. Maksi zikitoka utuambie.